Hii nyimbo ni ya mapenzi tu ama kuna mtu anapigwa fumbo?

mtu_wa_kibokoni

Assalam aleykum jamaa. Nna swali na msinicheke. Kuna nyimbo ya kijana mmoja wa hapa hapa Mombasa, imetoka juzi juzi, jina sitaitaja manake sitaki kumletea mtoto wa watu maneno, lkn ukipanda matatu ya Kisauni utaisikia mara tatu kabla hujashuka. Biti tamu, kama chakacha iliyotiwa mashine. Mtu anamwambia mwenzake, nyumba nimejenga mimi, makuti nimeezeka mimi, wewe waja magharibi na kamba kupima kiwanja. Alafu korasi inarudia kuwa safari hii mlango sifungui.

Mimi niliipenda kama nyimbo ya mapenzi yaliyovunjika basi. Sasa Ijumaa baada ya swala tumekaa barzani na kahawa, ami yangu akaisikia kwa simu ya mtoto akasema zima hio, hio si mapenzi hio ni siasa na huyo kijana atatafutwa. Weee ubishi ukaanza. Ami anasema mlango ni kura. Mwengine akasema la, kiwanja ni bandari, hamuoni mambo ya Kilindini. Binamu yangu anayekaa Nairobi akasema ni talaka tu na ami anaona siasa hata kwa bei ya mahamri (lkn bei ya mahamri kweli ni siasa, hapo binamu sikumuunga mkono). Adhana ya alasiri imetukuta tunabishana na kahawa imepoa.

Sasa swali, mtu anajuaje? Kuna njia ya kuisikiliza nyimbo ukajua hapa pana fumbo la siasa ama kila mtu anatia yake tu?

fundi_wa_spika

taja nyimbo bana

Bi_Kahawa_Tungu

Waleykum salam mwanangu. Huyo binamuyo wa Nairobi msamehe, hana kosa. Kule kwao akisikia mtu ana nyumba anajua ana na ardhi. Hapa kwetu sivyo. Majengo, Kisauni, Likoni, waweza kuwa na nyumba, kuta zako, paa lako, mlango wako, na ardhi ilio chini ikawa ya mtu mwengine ambaye hata humjui sura, ukamlipa kila mwezi, ukafa ukawaachia wanao kuta bila chini yake. Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba kama hio. Kila mwisho wa mwezi yuwaja mtu na kitabu cha risiti, na marehemu babangu alikuwa akimuona tu anatafuta kofia yake, sijui kwanini kofia, labda hakutaka kulipa kichwa wazi.

Basi mtu wa Mombasa ukimwimbia nyumba yangu kiwanja chako, haulizi mapenzi yalifikia wapi. Anakumbuka risiti. Hilo fumbo limefumbwa kwa binamuyo, kwetu sisi liko wazi kama sahani. Fumbo halifichwi kwa kila mtu, hufichwa kwa mtu fulani, kwa hio swali la kwanza si maana yake nini, ni nani hatakiwi aelewe.

Na wala si mambo mapya. Muyaka bin Haji, mshairi wa hapa Mombasa, miaka mia mbili iliyopita alikuwa akiwatungia Wamazrui waliotawala mji na kuwapiga vijembe watu wa Sultani Seyyid Said, na mashairi mengi ukiyasoma juu juu utadhani ni bahari na vyombo tu. Tushukuru Mwalimu Sikujua aliyakusanya pamoja na maelezo yake, hili lilitungwa lini, hili lilimlenga nani, akampa yule mmisionari Taylor, mpaka 1940 kikatoka kitabu. Bila yale maelezo leo tungeyasoma kama watoto wa shule, tungeandika "mshairi anasifu bahari".

Tudor_Mkweli

Na mimi nawapenda nyote ila hapa mnajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siasa mara nyingi haiko kwa nyimbo, iko kwa sikio la anayesikiliza. Ushahidi? Kasongo. Super Mazembe waliirekodi miaka ya 70, jamaa kutoka Kongo wamekuja Kenya kutafuta riziki, nyimbo ni ya Kilingala, mke anamlilia mumewe arudi nyumbani. Basi. Hakuna serikali humo, hakuna ushuru. Miaka karibu 50 baadaye vijana wakamchukulia Rais Ruto jina hilo hilo wakambandika, sasa ukiipiga kwa harusi kuna mtu anacheka na kuna mtu ananuna. Hivi aliyeimba alikuwa amemfumbia nani?

Ama Anguka Nayo ya Wadagliz, nyimbo ya kudensi kabisa, Juni 2024 vijana wakaingia nayo barabarani kukataa ule mswada wa fedha na ikawa wimbo wa maandamano. Nenda katafute fumbo humo uniambie umepata nini.

Kwa hio ami yako aache kutisha watu. Kijana aliimba demu wake.

mtu_wa_kibokoni

Tudor mkweli umenichanganya zaidi, manake Bi hapo juu alikuwa ashanishawishi. Lkn swali, kama ni sikio tu mbona hakuna aliyechukua nyimbo yoyote ile nyengine? Kwanini Kasongo?

vina_na_mizani

Swali zuri sana hilo la mwisho ntalirudia. Kwanza niseme nimefundishwa kutunga na mzee mmoja wa Mji wa Kale kwa hio msinione najitia ujuaji, makosa yote ni yangu mzee hana lawama.

Watu wengi wakitafuta fumbo wanashika neno lililo mwisho wa mstari kwa sababu ndilo linalosikika. Hilo ndo neno la kuaminiwa kidogo kuliko yote. Nyimbo za taarabu za kwetu mshororo una mizani 16, nane huku nane kule, na vina vya kati na vya mwisho vinatakiwa vilingane ubeti mzima. Ukishaanza na -ja basi ubeti wote unasaka -ja, kwa hio mtunzi akikuletea "kiwanja" mwisho wa mstari jiulize kwanza, amekileta yeye ama kimeletwa na kina? Nimeona watu wanajenga siasa nzima juu ya neno ambalo mtunzi alilichukua kwa shida kama mtu anayepanda matatu iliyojaa. Angalia maneno ya katikati ya kipande, pale ambapo hakuna kina kinachomlazimisha. Hapo akiweka "kamba" badala ya "fimbo" amechagua mwenyewe. Na kamba ndo ya kupimia ardhi, mtu hapimi mapenzi kwa kamba.

Pili angalia nani anasema na nani anaambiwa. Kiswahili kina baraka moja, "a-" haina mume wala mke. Ukisema ameniacha, ni nani, mwanamke, mwanamume, chama, mbunge, timu ya mpira? Hakuna ajuaye, ndio maana mapenzi ni shuka nzuri sana ya kufunikia jambo. Lkn shuka huteleza. Mtu anaimba ubeti wa kwanza "umeniacha", wa pili "umenidanganya", ghafla wa tatu "tumechoka". Mmechoka kina nani? Wapenzi wawili hawana kamati. Hapo simama usikilize tena.

Ila tahadhari, na hapa ndo wengi huanguka, washairi wetu hujiita "sisi" hata akiwa mtu mmoja peke yake chumbani, kwa heshima ama kwa kujaza mizani. Kwa hio "pendo letu" na "twalia" peke yake si ushahidi. Ushahidi ni ile kubadilika katikati bila sababu ya mizani, alikuwa mmoja akawa wengi.

fundi_wa_spika

nawaambia tajeni nyimbo nyie mnabishana hewa

lkn wacha niwape moja. 1992 mimi nilikuwa kijana nabeba waya za mzee mmoja mwenye spika, tunapiga harusi Likoni mpaka Bamburi. Mwaka huo mnaukumbuka, vyama vingi vimerudi, jogoo, alama ya chama tawala KANU, iko kila ukuta na IPK, chama cha Waislamu, nayo imewasha mji. Sasa kulikuwa na nyimbo ya harusi ya siku nyingi, ya kawaida kabisa, mke anamsema mume anayejigamba, na ndani kuna ile methali jogoo wa shamba hawiki mjini. Watu wameiimba miaka bila shida mama zetu wamezaliwa nayo. Usiku huo bendi ikafika kwa jogoo, wallahi wanawake wakainuka wote kutunza. Wote! Pesa inarushwa kwa yule mwimbaji mpaka anakanyaga noti. Mwanzo wa nyimbo hakuna aliyetunza, mwisho hakuna aliyetunza, ni mstari ule tu. Mwimbaji mwerevu akaurudia mara tano.

Kulikuwa na mgeni mmoja wa meza ya mbele, mtu wa chama, akamwita mzee wangu akamwambia zima. Mzee akasema umeme wa generata una matatizo, akazima kweli, tukakaa gizani dakika kumi watu wanacheka chini kwa chini. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni ukuta wa nje

kwa hio mimi siangalii nyimbo, naangalia nani anatoa pesa na kwa mstari gani. Taarabu imeandikwa mfukoni mwa watu

Bi_Kahawa_Tungu

Fundi umenikumbusha mbali. Hio harusi mimi naijua ama ni nyengine inafanana, siku hizo zilikuwa nyingi. Na generata zote zilikuwa na matatizo.

Tudor_Mkweli

Fundi asante, umenisaidia kesi yangu bila kujua. Nyimbo ile ile, jana mume mwenye majigambo, leo KANU. Mtunzi alikuwa wapi? Alishakufa labda. Siasa ililetwa na wanawake wa harusini.

Na msiniletee hoja ya "msanii amekataa kwa hio ni kweli". Hio naichukia. Oliver Mtukudzi wa Zimbabwe aliimba Wasakara mwanzoni mwa miaka ya 2000, anamwambia mtu kubali umezeeka umechakaa. Watu wote wakasema huyo ni Mugabe, aliyekuwa ameshapita 75 na hataki kutoka. Mtukudzi hakumtaja mtu, yeye kwake ni nyimbo ya uzee. Sasa akikataa mnasema anajificha, akikubali mnasema si tulisema. Hapo hawezi kushinda, mtu ameimba uzee jamani, uzee upo!

vina_na_mizani

Tudor hapo uko sawa nusu. Kukataa kwa msanii si ushahidi wa upande wowote, kwa sababu kukataa ndio kazi ya fumbo. Fumbo lina mlango wa nyuma, ukibanwa unatokea hapo. Asiyeweka mlango wa nyuma anajua kitakachompata. Abdilatif Abdalla, kijana wa hapa hapa Mvita, 1968 aliandika waraka wazi kabisa, Kenya Twendapi, swali tu hilo kwa kichwa, hakuna fumbo la mnazi wala la mamba. Miaka mitatu jela. Huko ndani sasa, anaandika mashairi kwa karatasi za chooni, ndo mamba akatokea, mnazi ukatokea, kile kitabu Sauti ya Dhiki kilichochapwa 1973 baada ya kutoka. Na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye ndiye serikali yake ilimfunga. Mtu asitafute fumbo kwenye hilo, hilo limejitunga lenyewe.

Hata Misiani wa Shirati Jazz, mzee wa benga, alikuwa anaimba hadithi za wanyama kwa Kijaluo na bado alikamatwa mara kadhaa, kwa hio mlango wa nyuma saa nyengine nao unajulikana. Wakati Nay wa Mitego 2017 Tanzania aliimba wazi wazi, akashikwa, alafu Magufuli mwenyewe akasema aachiwe nyimbo ameipenda. Ukiimba wazi unamuachia mkubwa achague kukasirika ama kucheka. Ukifumba, akikasirika amejitaja mwenyewe. Yule mgeni wa fundi, nani alimwambia yeye ndiye jogoo?

Sasa kwanini Kasongo. Kwa sababu sikio halichukui chochote, linachukua kinachotoshea. Kuna mtu anaitwa, anaitwa, haji. Kuna nyumba inamsubiri. Hata asiyejua Kilingala anasikia sauti ya kulalamikia mtu. Unbwogable pia, Gidi Gidi Maji Maji walikuwa wanajipa moyo wao, hatutishiki, na majina ya viongozi wa kwao ndani, 2002 muungano wa upinzani wa NARC wakaichukua kampeni nzima kwa sababu lilikuwa vazi tayari limeshonwa likawakaa. Huwezi kuchukua nyimbo ya kulala mtoto ukafanya hivyo. Ama waweza lkn utapata shida.

Kwa hio mimi ningetenganisha maswali mawili ambayo barza yenu imeyapika sufuria moja. Moja, mtunzi alifumba? Hilo unalitafuta ndani ya maneno na tarehe ya kutungwa. La pili, watu wameitumia vipi? Hilo unalitafuta kwa fundi.

Tudor_Mkweli

Tarehe! Hio ndo nilitaka mtu aseme. mtu_wa_kibokoni, hio nyimbo ilirekodiwa lini? si kutoka, kurekodiwa. Manake vijana wanarekodi leo wanaachia baada ya miaka miwili pesa ya video ikipatikana. Ami yako anaifunga kwa uchaguzi unaokuja na labda ilirekodiwa uchaguzi ulipokuwa umeisha juzi.

mtu_wa_kibokoni

Jamani samahani nimepotea, nilikuwa na mambo. Nimeleta majibu na sijui kama yanasaidia ama yanaharibu.

Nimeuliza kijana mmoja aliye karibu na hio studio, anasema beti za katikati msanii hakutunga, amezipata kwa bibi yake. Nikashangaa. Nikampigia shangazi yangu mkubwa ambaye macho yamechoka lkn masikio hapana, nikamuwekea simu kwa spika. Hata korasi haijafika akaanza kuimba mbele ya msanii! Anajua maneno yote ya nyumba na makuti na kamba. Korasi ya mlango ndo hakuijua, hio ni ya kijana.

Nikamuuliza shangazi wapi umeyasikia, akasema ni maneno ya lelemama, ile ngoma ya wanawake, ya siku za mamake, walikuwa na vyama vyao vya ngoma wakirushiana. Nikamuuliza kwa hio ni siasa? Akacheka mpaka akakohoa, akasema siasa gani, hio alitungiwa mke mwenza. Mke wa kwanza alijenga na mume tangu hawana kitu, alafu bwana akaoa mke wa pili na huyo wa pili akawa anakuja kupima vyumba vyake viwe wapi. Basi. Nikawaza heh, Tudor ameshinda.

Tudor_Mkweli

Asanteni kwa kushiriki 😂 ami aombwe radhi na binamu.

Bi_Kahawa_Tungu

Ngoja kwanza. Mwanangu, muulize shangazi huyo mke wa pili alikuwa mtoto wa nani.

mtu_wa_kibokoni

Bi mbona unauliza hivyo?

Bi_Kahawa_Tungu

Wewe muulize tu. Vyumba havipimwi kwa kamba.

mtu_wa_kibokoni

Nimerudi. Shangazi hakutaka kusema kwanza, akasema wengine wana wajukuu mtaani. Mwisho akasema babake yule mke wa pili ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja. Nyumba sita za mtaa ule zote zilikuwa zimekaa juu ya ardhi yake, na yule bwana alioa huko ili asiongezewe kodi. Wale wanawake waliokuwa wakiitikia kwenye ngoma hawakuwa na mke mwenza hata mmoja, walikuwa wa zile nyumba nyengine tano.

vina_na_mizani

Subhanallah. Na waliimba "nimejenga" ama "tumejenga"?

mtu_wa_kibokoni

Nilimuuliza hilo hilo. Anasema aliyeanzisha alisema nimejenga na walioitikia wakasema tumejenga. Kijana wa studio ameibakisha ile ya kwanza tu kwa sababu anaimba peke yake.

Tudor_Mkweli

Sawa nimekaa kimya. Lkn korasi bado ni demu.

fundi_wa_spika

nishaijua nyimbo sasa, hamkunitajia lkn nishaijua, ile inaanza na zumari ya kinanda. Jumamosi nna harusi Majengo na nimeambiwa mwenye ardhi amealikwa, meza ya mbele. Generata nimeifanyia sevisi. Jumapili ntawaambia nani aliinuka kutunza na kwa mstari gani